Mbwa na Mchanga wa Mto: Je, Waruhusiwe Penye Maji ya Watu Wote?

Katika nchi nyingi zilizo kando ya bahari kuna neno moja linalowagawanya watu kila mwaka, nalo ni kama inafaa mbwa waruhusiwe kutembea ufukoni, mahali watu wanapooga na watoto wanapocheza. Huko Uingereza, kwa mfano, halmashauri nyingi za miji ya pwani huwakataza mbwa katika sehemu fulani za ufuko wakati wa miezi ya joto, na mwenye mbwa asiyetii hutozwa faini. Wenye mbwa hulalamika wakisema kwamba mchanga ni wa watu wote. Wenzao huwajibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo imepasa mchanga huo uwe safi na salama kwa watu wote.

Mtu wa Kitui au wa Makueni aweza kudhani kwamba jambo hili halimhusu, maana kutoka Mwingi au Wote mpaka bahari ya Mombasa ni safari ndefu. Lakini Ukambani nako kuna ufuko wake. Mito kama Tiva, Nzeeu, Thwake na Kaiti hupitisha maji kwa nguvu wakati wa mvua, na mvua zikiisha hubaki njia pana ya mchanga mweupe. Juu ya mchanga huo hakuna maji ya kuonekana, bali chini yake yamo. Watu huchimba visima vidogo mchangani, wakateka maji kwa kata na kuyatia katika madebe na mitungi. Hapo wanawake hufulia nguo, punda hupakiwa mizigo ya maji, ng'ombe na mbuzi hunyweshwa, na watoto hucheza wakingojea zamu. Tena hapo hapo hufika mbwa.

Basi swali la watu wa pwani ni swali la watu wa Ukambani pia: je, mbwa waruhusiwe kwenye mchanga wa mto, penye maji ya watu wote?

Mchanga ni mali ya wote

Kwanza yafaa kufahamu thamani ya mahali penyewe. Tangu miaka ya 1950 watu wa Ukambani wamejenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta imara zinazokatiza njia ya mto. Mvua inaponyesha, maji huleta mchanga na kuulundika nyuma ya ukuta, na kati ya chembe za mchanga huo maji hujificha. Jua haliwezi kuyakausha upesi, wala mbu hawapati mahali pa kutagia mayai. Katika Kitui peke yake mabwawa ya namna hiyo yamejengwa kwa mamia tangu mwaka 1995, mengi yao kwa mikono ya wanakijiji wenyewe, waliosomba mawe na kuchota mchanga bila mshahara. Nayo Kaunti ya Makueni, mwaka 2015, ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga wa mito, ili watu wasiuchukue ovyo kwa malori wakaacha mito mitupu.

Kwa hiyo mchanga wa mto si pori lisilo mwenyewe. Ni ghala ya maji ya kijiji kizima, na kila mwenye kufika hapo ana haki yake na wajibu wake.

Sifa za mbwa

Haifai kumhukumu mbwa bila kutaja wema wake. Katika nyumba nyingi za Ukambani mbwa ndiye askari wa usiku. Mchana hufuatana na kijana mchungaji, akazuia fisi na mbweha wasikaribie mbuzi. Wakati mahindi na mbaazi zinapokomaa, mbwa huwafukuza nyani na tumbili wanaovamia mashamba. Mkulima asiye na mbwa huenda akalazimika kumwacha mtoto shambani mchana kutwa badala ya kumpeleka shuleni.

Mchungaji anayeshuka mtoni na mifugo yake hawezi kwa urahisi kumwacha mbwa nyumbani. Njia ni ndefu, vichaka ni vingi, na mbwa mwenyewe ana kiu kama mbuzi walivyo na kiu. Mtu atakayesema kwamba mbwa wote wapigwe marufuku mtoni atakuwa amesema neno jepesi kutamka na zito kutenda. Mchungaji hatalifuata, na amri isiyofuatwa huwafundisha watu kudharau amri zote.

Hatari ya kwanza: uchafu na minyoo

Hata hivyo wenye kulalamika nao wana hoja. Kisima cha mchangani kilicho wazi hakina kifuniko wala ukuta. Mbwa akija kunywa hutia mdomo na miguu ndani yake, na akienda haja karibu yake, uchafu huo huchukuliwa na maji yanayomwagika ukarudi kisimani. Atakayekuja alfajiri kuteka maji hataona alama yoyote.

Tena wako minyoo wa mbwa. Mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi, na katika mchanga wenye unyevu na kivuli huanguliwa wakawa vidudu vidogo mno. Vidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga bila viatu, au ya mtoto anayeketi mchangani, vikatambaa chini ya ngozi na kufanya mistari myekundu iliyopindapinda yenye kuwasha sana. Ugonjwa huu wajulikana kwenye fuko za nchi nyingi za joto, nao ni sababu mojawapo ya watu wa pwani kukataza mbwa. Minyoo ya namna nyingine huingia mtoto anapokula kwa mikono iliyoshika mchanga mchafu.

Hatari ya pili: kichaa cha mbwa

Lakini iko hatari kubwa zaidi, ambayo Ukambani waijua kwa majonzi, nayo ni kichaa cha mbwa. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja karibu na Nairobi. Mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao alikuwa mwanamke wa sehemu za Ziwa Viktoria, mwaka 1928. Katika nchi ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1992, ugonjwa umekuwako bila kukoma tangu miaka ya 1950. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 2,000 hufa kwa ugonjwa huu katika Kenya kila mwaka, na katika dunia nzima wapatao 59,000. Karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama washukiwao, wapatao 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi, kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, mate huingia jerahani. Virusi havikai katika damu, bali hushika mishipa ya fahamu na kusafiri polepole kuelekea ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine huwa juma moja tu, pengine mwaka mzima. Muda huo wote aliyeumwa huonekana mzima, jeraha hupona, na watu wa nyumbani husahau. Lakini virusi vikishafika ubongoni na dalili kutokea, hakuna dawa ya kumponya. Mgonjwa hushikwa na homa, hutetemeka, na hata akiwa na kiu hawezi kunywa, maana koo hujikaza anapoona maji au kusikia yakimiminwa. Baada ya siku chache hufa.

Yafaa kueleza hapa jambo moja ambalo watu hulichanganya. Mtu hapati kichaa cha mbwa kwa kunywa maji ya kisima alichonywea mbwa. Maji hayo yaweza kumletea tumbo la kuhara, si kichaa. Hatari ya kichaa mtoni ni meno. Mahali pa maji ni mahali pa msongamano: mbwa wa vijiji mbalimbali hukutana hapo, hugombana, huumana, na mtoto aliyeinama kuteka maji huwa kati yao. Mbwa mmoja mgonjwa akishuka mtoni siku moja aweza kuwauma mbwa kadhaa, na kila mmoja akarudi kwao na ugonjwa. Punda na ng'ombe nao huumwa wakafa, na mwenye mali akapata hasara asiyojua ilikotoka.

Dalili za mbwa mgonjwa

Mbwa mwenye kichaa hubadili tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, akauma hata miti na mawe. Aliyekuwa mkali huenda akawa mpole kupita kiasi, akajificha gizani. Sauti yake hugeuka, mate humtoka, taya hulegea, na hutembea mbali bila kujua aendako. Wengine hawawi wakali kabisa, bali hupooza tu. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwa kuona mbwa ametulia, akamtia mkono mdomoni akidhani amekwamwa na mfupa.

Je, dawa ni kuwaua mbwa?

Watu wengi, wakisikia habari hizi, husema dawa ni fupi: mbwa wanaozurura wauawe. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi, wala haikukomesha ugonjwa. Sababu yake si ngumu. Mbwa wakiuawa, nafasi yao na chakula chao hubaki, na watoto wa mbwa wengine huletwa upesi kushika nafasi hiyo, nao hawajachanjwa. Tena mwenye mbwa akisikia kwamba wauaji wanakuja humficha mbwa wake, na siku ya chanjo pia atamficha, kwa kuwa hataamini tena neno la mtu wa serikali.

Uchunguzi uliofanywa Machakos katika miaka ya 1990 ulionyesha jambo lenye manufaa sana: karibu mbwa wote wanaoonekana wakizurura vijijini wana wenyewe. Si mbwa wa mwitu. Ni mbwa wa fulani, ambaye hulala kwake na kuondoka asubuhi kutafuta chakula kwa kuwa hakufungwa wala hakupewa cha kutosha. Basi mwenye mbwa yuko, na pakiwa na mwenyewe pana wa kuambiwa.

Dawa iliyofaulu ni chanjo. Wataalamu wameonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hata mbwa, ukafa wenyewe. Kurudia ni lazima, kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi sana, na kila mwaka huzaliwa wengine wasio na kinga. Mexico ilifuata njia hii kwa miaka mingi, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba ndiyo nchi ya kwanza duniani kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Jirani zetu wa Pemba walichanja mbwa mpaka ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 uliporudi kisiwani, walichanja tena wakaushinda.

Serikali ya Kenya ilitoa mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kutangulia katika kazi hiyo. Ndiyo maana madaktari wa mifugo huonekana sokoni, shuleni na chini ya miti mikubwa, wakichanja mbwa, na mara nyingi bila malipo. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka imewekwa kuwa siku ya kuikumbusha dunia habari za ugonjwa huu. Tena iko Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365 ya sheria za Kenya, inayohusu kuzuiwa kwa mbwa pale ugonjwa unapotokea.

Mtu aliyeumwa afanye nini?

Aliyeumwa, hata kama ni mkwaruzo mdogo, asingoje jioni. Aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini huondoa na kuua virusi vingi kabla havijashika mishipa. Asipake udongo, pilipili, mafuta ya taa wala majani, maana vitu hivyo huchimbua jeraha na kupoteza wakati. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Huko atachomwa sindano ya kwanza, na nyingine katika siku ya 3, ya 7 na ya 14, au kama mganga atakavyopanga. Akiwa na jeraha kubwa huongezewa dawa nyingine ndani ya jeraha lenyewe. Asikatize sindano kwa sababu amejisikia mzima. Louis Pasteur, bingwa wa Ufaransa, alimchanja mtoto Joseph Meister, mwenye miaka 9, mwezi Julai mwaka 1885, na mtoto huyo aliyeumwa vibaya akaishi mpaka utu uzima. Tangu siku hiyo kifo kwa kichaa cha mbwa ni kifo kinachoweza kuzuiwa.

Mbwa aliyeuma, kama anajulikana na aweza kufungwa bila hatari, asiuawe upesi. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na daktari wa mifugo apewe habari. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa na ugonjwa katika mate yake alipouma.

Shauri la kijiji

Turudi kwenye swali la kwanza. Je, mbwa waruhusiwe mchangani? Jibu la haki si ndiyo tupu wala siyo tupu. Kamati za maji, ambazo tayari zinagawa zamu na kutengeneza pampu, zaweza kupatana juu ya mambo machache yanayotendeka.

Kwanza, kisima cha kunywa watu kizungushiwe miiba au ua, na pakiwezekana kifunikwe na kuwekwa pampu, ili mnyama yeyote asifike. Pili, mifugo na mbwa wawe na birika lao upande wa chini, maji yanakoelekea, na si upande wa juu, maji yanakotoka. Tatu, mbwa asiyefuatana na mtu asikubaliwe mtoni. Arudishwe kwa mwenyewe, naye aonywe. Nne, mbwa anayekuja na mchungaji awe amechanjwa mwaka huo, na mwenyewe awe na cheti chake nyumbani. Tano, kinyesi kizikwe mbali na mchanga.

Huenda mtu mmoja akasema: "Mbwa ni wangu, nani wa kuniamuru?" Mtu huyo akumbuke kwamba ukuta wa bwawa haukujengwa na mkono wake peke yake. Aliyebeba jiwe ni jirani, na atakayeumwa ni mtoto wa jirani, pengine ndiye anayesoma darasa moja na mtoto wake. Kumpeleka mbwa kwenye chanjo humpotezea mtu asubuhi moja tu kwa mwaka. Kinyume chake ni safari nyingi za hospitali, nauli, mbuzi waliouzwa, na pengine kaburi.

Wazee wa pwani husema: Mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake ni kwamba anayeona nchi kavu hupata nguvu ya kuogelea mpaka afike. Ukambani nako nchi kavu yaonekana, nayo ni kipande cha sabuni, sindano ya hospitali, na chanjo ya mbwa kila mwaka. Msimu wa mvua za vuli ukiisha, na watu wakarudi tena mchangani kuchimba visima vyao, kila mwenye mbwa na ajiulize kabla ya kushuka mtoni kama mbwa anayemfuata nyuma amekwisha chanjwa.